Picha Iliyotazama Ukuta

Mlezi hakutundika picha hata moja kwa mkono wake. Alinunua picha nyingi kuliko mtu mwingine yeyote ninayemfahamu mjini Nakuru, na kila moja ilipofika nyumbani kwake Milimani iliwekwa sakafuni, ikaegemezwa ukutani, ikasubiri. Aliyeichora alialikwa Jumapili baada ya ibada. Alikaribishwa mezani, akala, na vyombo vilipokwisha kuondolewa alipewa nyundo na msumari, akaambiwa achague mahali. Alipopachagua ndipo picha ilipokaa, hata kama ni nyuma ya mlango. Kulikuwa na picha ya heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani, ambayo kwa muda wote nilioingia nyumba ile ilining'inia karibu mno na dari, kwa sababu aliyeichora alikuwa mtu mrefu na alipima kwa kimo chake. Nilipomshauri Mlezi aishushe kidogo, alinijibu kwamba mwenyewe ndiye aliyeona panafaa.

"Mwenye kazi aitundike," alikuwa akisema, "ili akipita barabarani ajue kuna ukuta mmoja hapa mjini ambao ni wake."

Naanza na desturi hiyo kwa sababu mambo yote ninayotaka kuyaeleza yameshikwa nayo. Naandika niliyoyaona, na niliyoyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe. Kuhusu alikozaliwa, ukoo wake, na jinsi alivyopata mtaji wake wa kwanza, nimesimuliwa mengi na watu ambao hawakuwapo, na sina nia ya kuyarudia. Nilifundisha historia katika shule za sekondari za bonde hili mpaka nilipostaafu, na kama kuna jambo moja lililonikaa kutokana na kazi ile, ni kwamba wingi wa wasemaji haugeuzi neno kuwa kweli. Tangu Mlezi azikwe, wakati wa mvua ndefu zilizopita, wasemaji wameongezeka sana. Wengine wanadai aliwalisha wachoraji wote wa Bonde la Ufa. Hakuwalisha wote. Wengine aliwafukuza.

Jina la Mlezi alipewa na jumba letu dogo la makumbusho, lile lililo katika nyumba ya mawe meusi upande wa kuelekea Menengai. Jumba hilo huwaita walezi wale wanaolisaidia kuishi, na walikuwapo wengine kabla yake na wakati wake. Lakini mtu akisema Mlezi, bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni nani. Hata wauzaji wa sokoni walimwita hivyo, bila kujua kwamba ni cheo cha jumba la makumbusho. Nadhani walifikiri ni cha kanisa.

Sokoni, kwa kweli, hakuwa mlezi wa mtu. Aliweza kusimama mbele ya fungu la nyanya akazigeuza moja moja kama hakimu anayesikiliza kesi, na akiona yenye doa aliirudisha kwa mwenyewe bila kusema neno. Alikuwa na sweta moja ya kijani kibichi aliyoivaa dukani mwaka mzima, na viwiko vyake vilikuwa vimetiwa viraka vya rangi nyingine. Aliosha mifuko ya maziwa, akaianika kwenye kamba pamoja na nguo. Mtu huyohuyo hakuwahi kubishana bei na mchoraji. Nilimuuliza mara moja akili hiyo ilitoka wapi. Alisema nyanya itaota tena msimu ujao.

Duka lake lilikuwa la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za kuogeshea mifugo, vyakula vya kuku. Wakulima walimfikia kutoka Subukia, Keringet, na pembe nyingine za nchi hii ya juu, na walipoingia walikuta picha zimetundikwa baina ya magunia. Hazikuwa za kuuzwa. Aliziweka pale kwa sababu, kama alivyoniambia, mkulima hana siku ya kwenda jumba la makumbusho, lakini siku ya kununua mbegu anayo.

Nilikuwapo siku mkulima mmoja wa Keringet, mzee mwenye kofia ya manyoya, aliposimama mbele ya picha ya ng'ombe akiwa na chupa ya dawa mkononi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyotazama picha. Kisha akatoa hukumu kwamba aliyemchora ng'ombe yule hajawahi kukamua. Mlezi akauliza kwa nini.

"Mama, chuchu ni tatu."

"Labda ya nne iko upande wa pili."

"Basi huyo ni wa kupeleka sokoni, si wa kuchora."

Mtu mwingine angecheka na kuendelea na kazi yake. Mlezi aliacha kaunta, akamwomba mzee asubiri, akapiga simu kumwita mchoraji, ambaye siku hiyo alikuwa anaandika maneno kwenye ukuta wa hoteli ya jirani. Alikuja na brashi bado mkononi. Alikuwa kijana mwembamba wa Subukia, mwenye vidole vyenye rangi mpaka kwenye kucha, na nitamwita Mchoraji tu, kwa kuwa ndivyo Mlezi alivyomwita. Alimsikiliza mkulima mpaka mwisho kwa heshima.

"Mzee wangu," akasema, "huyo ng'ombe anakutazama machoni. Wewe unamtazama chini. Sasa nani hana adabu?"

Mkulima alicheka hadi akalazimika kuweka chupa chini. Tangu siku hiyo, kila alipoingia dukani alimwamkia ng'ombe yule kwanza, ndipo akamwamkia Mlezi. Mlezi mwenyewe hakucheka. Alingoja mzee atoke, akamgeukia Mchoraji na kumwambia aende akakamue ng'ombe kabla hajachora mwingine. Nasikia alikwenda. Neno hilo la kusikia naliandika kwa sababu nililisikia kwa Mchoraji mwenyewe.

Hakusifu. Picha ikimpendeza sana alisema, "Hii ina kazi," na wachoraji walijifunza kuridhika na maneno hayo matatu. Isipompendeza alisema zaidi. Msichana mmoja wa chuo alimletea picha ya mlima wa Longonot, na Mlezi akamuuliza alikuwa na haraka ya kwenda wapi alipoichora. Msichana alitoka akilia. Nilimkemea Mlezi kwa hilo. Msichana aliporudi baadaye na picha nyingine, Mlezi aliinunua kabla hajamaliza kuifunua, akamwalika Jumapili.

Kanisani aliimba kwa sauti kubwa na mbaya. Kwenye mahubiri alisinzia waziwazi, kichwa kikiwa kimeinama kama mtu anayesali, na wageni waliokaa mbali walimsifu kwa uchaji. Alikataa kuchorwa. Wengi walimwomba, na baadhi yao walikuwa na mkono mzuri, lakini kila mara aliwauliza swali moja: sura yake ikishakuwa picha, atatundikwa na nani? Walidhani ni mzaha. Mimi sikuwa na hakika.

Binti yake wa pekee aliniambia kwamba katika utoto wake hakuwahi kula paja la kuku siku ya Jumapili. Mapaja yalikuwa ya wachoraji. Alilisema hilo kwa kicheko, akiwa mtu mzima mwenye kazi nzuri Nairobi, lakini lilikuwa na mfupa ndani yake.

Jumba la makumbusho hufanya karamu kila mwaka ya kuchangisha fedha za kulitunza, na katika karamu hiyo mlezi mmoja huenziwa. Huvishwa shada la sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao Wakalenjin humvisha mshindi na mtu wa kuheshimiwa, na yule aliyevishwa husimama mbele ya watu akisomewa mema yake. Mlezi alikwepa shada hilo kwa muda mrefu. Alituma mchango wake, alituma magunia ya viazi kwa ajili ya jikoni, alikuja akakaa meza ya nyuma, lakini jina lake lilipopendekezwa alikataa. Alisema mtu anayenunua picha anapata picha. Shukrani ya nini tena?

Sababu nyingine hakuisema hadharani, na ilikuwa pale sebuleni kwake.

Mkabala na mlango wa sebule ile kulikuwa na msumari uliopigwa ukutani bila kitu juu yake, na chini ya msumari, sakafuni, picha kubwa imegeuzwa uso ukutani. Mgeni aliona mgongo wake tu: turubai, mbao nne, na alama ya kidole gumba cha rangi ya bluu kwenye pembe moja. Wageni wengi waliuliza, na hakuna aliyejibiwa. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu niliiona picha hiyo siku ilipoletwa.

Ilikuwa kazi ya Mchoraji. Wakati huo alikuwa ameacha kuta za hoteli, anafanya kazi Mai Mahiu akichora mabodi ya malori, yale makasha ya kubebea mizigo, na picha yenyewe ilikuwa ya malori yakipanda ukingo wa bonde alfajiri kwenye ukungu. Malori yenyewe hayaonekani vizuri. Kinachoonekana ni taa, moja nyuma ya nyingine, zikipanda mahali ambapo macho hayaoni barabara. Mlezi alisimama mbele yake akiwa amefumbata mikono ndani ya sweta ya kijani. Hakusema kwamba ina kazi. Hakusema kitu kabisa, na sikumwona akinyamaza namna hiyo mbele ya picha nyingine.

Mchoraji alikuwa na haraka, gari la kumrudisha lilikuwa linamngoja. Alikula chapati akiwa amesimama, jambo ambalo Mlezi hakulipenda. Akapiga msumari mahali alipotaka, mkabala na mlango, lakini picha hakuitundika, kwa sababu rangi ilikuwa mbichi na vumbi la msimu ule wa kiangazi lilikuwa jingi. Akaigeuza ukutani kwa uangalifu, akaacha nafasi ndogo ili uso usiguse.

"Mama, isiguswe mpaka nirudi," alisema. "Jumapili ijayo nakuja kula vizuri, naitundika."

"Uje umekaa na njaa."

"Niwekee paja."

Hayo niliyasikia. Jumapili iliyofuata ilitukuta ndani ya machafuko yale ya baada ya uchaguzi, ambayo sisi wa Nakuru hatuhitaji kutajiwa mwaka wake. Barabara zilifungwa. Moshi ulisimama pande zote. Mchoraji hakuja Jumapili hiyo, wala nyingine.

Barabara zilipofunguka, Mlezi aliniomba twende pamoja kumtafuta. Sikuuliza kwa nini alinichagua mimi. Tulianzia uwanja wa maonyesho ya kilimo, walikokuwa wamekusanyika waliokimbia makwao, tukapita hema baada ya hema. Tukaenda chumba cha maiti. Mlezi aliingia akatazama wote, na mimi nikatazama wote, na Mchoraji hakuwamo. Tulikwenda Subukia kwa shangazi yake, mwanamke mpole aliyetupa uji na kutuambia kwamba mtoto wao alikwisha kufa. Nikamuuliza nani aliona. Alisema aliambiwa na mtu wa Naivasha, ambaye naye aliambiwa. Mwili? Hakuna. Mahali? Hapajulikani. Nikamshukuru kwa uji.

Mai Mahiu tulimkuta dereva aliyeegemea lori lake akichokoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Huyo msee wa kuchora? Mathe, usijali. Yuko Malaba. Nimepita huko juzi, anachora tu magari kama kawaida."

Mlezi alimshika mkono kwa mikono miwili. Mimi nikamuuliza dereva kama alimwona uso.

"Uso sikuona, mzee. Niliona bodi. Lakini mkono ni wake, hiyo kazi naijua."

Ndani ya gari nilimweleza Mlezi kwamba mkono hufundishwa, kwamba Mchoraji alikuwa na wanafunzi pale Mai Mahiu, na kwamba tulichokipata ni habari ya bodi, si ya mtu. Baadaye alituma mtu Malaba, na aliyetumwa alirudi akasema aliyekuwa akichora kule ni mwingine, kijana wa miaka ishirini. Nikamtafuta huyo mjumbe mwenyewe nikamhoji, na nikaridhika kwamba kweli alifika na kweli aliona.

"Sasa, Mwalimu, tuseme nini?" Mlezi aliniuliza. "Yupo au hayupo?"

"Tuseme hatujui."

"Hatujui," alirudia polepole, na nilimwona akilipokea neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kubeba hadi nyumbani.

Tangu siku hiyo ikawa salamu yetu. Tukikutana dukani, kanisani, kwenye mazishi ya watu wengine, aliniuliza kama kuna jipya, nikasema hakuna. Akauliza ushahidi, nikasema hakuna. Kisha ndipo tukajuliana hali. Watu wengine walichoka mapema. Walimwambia aitundike picha aone raha yake, maana kijana wa watu alikwisha kwenda. Mchungaji alimwambia. Binti yake alimwambia zaidi ya mara moja. Aliwasikiliza wote, na picha ikabaki pale ilipogeuzwa na mkono wa mwenyewe. Alifagia kuizunguka. Vumbi la mgongoni alilipangusa kwa kitambaa kikavu, na alama ile ya kidole gumba hakuipangusa.

Nilimwelewa, na sikuhitaji anieleze. Msumari ulikuwa wa Mchoraji, mahali palikuwa pake, na kilichobaki ni yeye kuja. Mtu mwingine akiitundika, maana yake ni kwamba hatakuja.

Mwaka jana paa la jumba la makumbusho lilianza kuvuja juu ya chumba kinamohifadhiwa picha. Kamati ilimwendea Mlezi tena kuhusu shada, na safari hii walimweleza wazi kwamba jina lake likitangazwa, wageni watajaa hema na paa litapatikana. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, na duka alishaliacha. Alikubali kwa sharti kwamba asisomewe maisha yake. Kamati iliahidi. Na kwa kuwa walimpenda, na kwa kuwa walitaka kumpa kitu mahali pa maisha yake ambayo hawakuruhusiwa kuyasoma, walipanga jambo wakalificha kwetu sisi wazee wote.

Karamu ilianza mchana ukielekea jioni. Hema lilikuwa jeupe, viti vimevishwa vitambaa na kufungwa utepe, na kijana mshereheshaji alikuwa anawauliza wageni kama Nakuru ipo na kama inapenda sanaa. Mlezi alikaa meza yetu amevaa gauni la zambarau ambalo sikuwahi kuliona, na nilipomsifu alisema linamwasha. Alisinzia kwenye hotuba ya kwanza. Binti yake alikuwa akiingia na kutoka nyuma ya jukwaa, uso umemchangamka kama wa mtoto aliyeficha zawadi.

Alipoitwa tulisimama sote. Alipanda ngazi mbili za jukwaa kwa fimbo, akavishwa shada la sinendet shingoni, majani mabichi juu ya zambarau, na watu wakapiga makofi. Ndipo mshereheshaji akatangaza kwamba kuna kazi moja ambayo Mlezi aliihifadhi kwa miaka mingi bila kuionyesha ulimwengu, na kwamba usiku wa kuificha umekwisha. Pazia likavutwa.

Taa zilikuwa zinapanda ukingo wa bonde. Binti yake alikuwa ameichukua sebuleni asubuhi ile mama yake akiwa ametoka, nao wakaitia fremu ya mbao nyeusi na kuitundika juu ya jukwaa kwa unadhifu mkubwa, imenyooka sawasawa.

"Malori ya Alfajiri," alisoma mshereheshaji kutoka kwenye kadi. "Kazi ya marehemu mchoraji wa Subukia."

Nilikuwa karibu vya kutosha kumwona. Hakuyumba. Alisogea mpaka mbele ya picha, akaitazama kama alivyoitazama siku ile ya kwanza, mikono ikitafuta sweta ambayo hakuivaa. Kisha akageuka. Mshereheshaji akampa kipaza sauti akidhani anataka kushukuru.

"Nani ametundika?" aliuliza.

Msimamizi wa picha za jumba, kijana msomi mwenye tai, akainua mkono kwa furaha, akimwonyesha binti wa Mlezi kando ya pazia. "Ni sisi, Mama. Mimi na dada hapa."

"Mlikula kwanza?"

Hema zima likacheka. Kijana naye akacheka, akasema watakula sasa hivi, chakula kinakuja. Mlezi akatikisa kichwa kukubali. Akaliinua shada la sinendet kutoka shingoni, polepole kwa sababu lilinasa kwenye masikio, akalitundika kwenye pembe ya fremu, akalinyoosha majani. Watu walisimama wakapiga makofi kuliko mwanzo. Waliona mlezi anamvisha msanii heshima aliyopewa yeye, na wengine walifuta machozi kwa uzuri wa jambo lile. Simlaumu mtu kwa makofi hayo. Yalikuwa ya nia njema, nami nilikaa nikitazama kitambaa cha meza.

Aliporudi, binti yake alikuwa amekwisha kuona kitu usoni mwake. Alichuchumaa kando ya kiti, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba alidhani angefurahi, kwamba picha ile haikustahili kukaa imegeuzwa kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Nimefurahi," Mlezi alimwambia, akimshika shavu. "Kaa ule."

Mimi nilikwenda kwa yule kijana msomi. Nilimuuliza nani alimwambia kwamba Mchoraji ni marehemu. Alishangaa.

"Mzee, si inajulikana? Kila mtu anasema hivyo."

Nilimwambia kwamba kila mtu si shahidi. Alijitetea kwa adabu kwamba ni zamani sana, na mtu akipotea muda wote huo hata sheria humhesabu amekufa. Hilo ni kweli, na lilinitia hasira. Akasema kama tumekosea anaweza kuishusha mara moja. Nilipopeleka neno hilo mezani, Mlezi aliniambia niache.

Paa lilipatikana. Hilo nimelihakikisha mwenyewe, nilipanda nikaliona.

Wiki zilipita kabla hajaniita. Aliniita Jumapili, baada ya ibada, na nilipofungua mlango wa sebule niliona msumari mkabala nami na chini yake sakafu tupu, yenye mstari wa rangi tofauti mahali ufagio ulipokuwa ukizunguka. Meza ilikuwa imeandaliwa sahani tatu. Nilidhani binti yake yuko. Hakuwapo.

Tulikaa. Nilimweleza, kwa kuwa sikuwa na lingine la kusema, kwamba nimewasumbua watu wa jumba mpaka neno marehemu likafutwa kwenye kibao cha picha.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba hawana msingi wa kuliandika."

"Umefanya vyema." Alipanga upya uma ambao haukuhitaji kupangwa. "Wanauliza kama nitairudisha hapa. Nikiileta nitaiweka wapi, Mwalimu? Imekwisha kutundikwa."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, mimi niliyedhani naijua habari ile kuliko mtu mwingine. Kila Jumapili tangu ile ya moshi, alikuwa akimwekea Mchoraji sahani yake. Akishakula, na jioni ikaingia, aliifunika, na Jumatatu asubuhi akampa mlinzi wa lango. Hakumwambia binti yake, wala mchungaji. Leo amepika kama kawaida.

"Nimechoka kupika," alisema.

Aliondoa kifuniko kwenye sahani ya tatu. Ugali, sukuma wiki, na paja la kuku. Nje mtu alikuwa akifua, maji yakimwagwa kwenye saruji. Alinitazama moja kwa moja, kwa macho yale ya kugeuza nyanya.

"Mwalimu. Kuna jipya?"

"Hakuna, Mama."

"Ushahidi?"

Katika maisha yangu sijawahi kutamani uongo kama nilivyoutamani pale, na sikujua ni upi ungekuwa wa huruma: wa kwamba yu hai, au wa kwamba amekufa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ukingo wa sahani.

"Hakuna," nikasema.

Akainamisha kichwa, si kwa kusinzia. Halafu akaivuta sahani, akakata ugali katikati, nusu yake na nusu yangu, akagawa mboga. Paja hakuligawa. Aliliweka juu ya sahani yangu.

"Kula, basi," alisema. "Linapoa."

Nililila lote, mpaka kwenye mfupa, naye alikaa akinitazama mpaka nikamaliza.